Upimaji wa Vinywaji Uanzie Karibu na Mnywaji

Siku ya gulio, mtu aliye na kiu katika mji wa Tarime au wa Mugumu anaweza kuchagua kati ya vinywaji vya aina tatu. Kuna kinywaji cha kiwandani, kilichofungwa ndani ya chupa yenye lebo, na lebo hiyo inaorodhesha vitu vilivyotiwa ndani yake. Kuna juisi ya rangi, nyekundu, njano au kijani, iliyochanganywa asubuhi katika ndoo na kuuzwa kwa vikombe au kwa vipande vya barafu. Hiyo haina lebo. Kisha kuna kinywaji ambacho hakiwekwi mezani, ijapokuwa watu wengi wanajua kinakopatikana: pombe kali iliyokenekwa kwa siri, ambayo kwetu huitwa gongo, na ng'ambo ya mpaka wa Sirari huitwa chang'aa.

Katika vinywaji hivyo vitatu, ni kile cha kwanza tu ambacho hupimwa katika maabara kwa utaratibu unaojulikana. Hata hivyo, ndicho ambacho watu waliosoma hukitilia shaka zaidi. Mwalimu atawaonya wanafunzi wake juu ya namba zilizoandikwa kwenye lebo ya soda, naye hasemi lolote juu ya ndoo iliyoko nje ya lango la shule. Mzazi atauliza kama rangi ya soda inaleta maradhi, wala haulizi ndugu yake alikunywa nini jana usiku. Hofu yetu imeelekezwa mahali ambapo kipimo kipo, ikaacha mahali ambapo kipimo hakipo.

Makala haya yanashikilia kwamba jambo hilo linapaswa kugeuzwa, na kwamba katika wilaya za Tarime na Serengeti mabadiliko hayo yanaweza kuanzia katika maabara za shule za sekondari. Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kwanza tujue kiongezo ni nini, na maabara hufanya kazi gani.

Kiongezo ni nini?

Kiongezo ni kitu kinachotiwa kwa makusudi ndani ya chakula au kinywaji, aghalabu kwa kiasi kidogo, ili kifanye kazi fulani. Vipo vihifadhi, ambavyo huzuia ukungu na hamira visiharibu kinywaji. Zipo rangi, tamu za bandia zinazochukua nafasi ya sukari, na asidi zinazoleta uchachu. Sodiamu benzoati, kihifadhi kinachotumika sana katika soda na juisi, hufanya kazi vizuri mahali penye uchachu. Ndiyo maana aghalabu hufuatana na asidi ya sitriki.

Wazo la kuhifadhi kinywaji kwa uchachu si geni kwa watu wa Mara. Mama anayepika togwa hutia kimea katika uji uliopoa kidogo. Vimeng'enya vya kimea huvunja wanga kuwa sukari, kisha bakteria wema huigeuza sehemu ya sukari hiyo kuwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo ndiyo inayoipa togwa ladha yake, na ndiyo inayozuia vijidudu vingi vya maradhi visistawi. Kwa maneno mengine, togwa hujitengenezea kihifadhi chake yenyewe. Kwa hiyo si kweli kwamba kila kinachohifadhi kinywaji ni sumu iliyoletwa kutoka mbali. Klorini inayotiwa katika maji nayo ni kiongezo. Nusu miligramu yake ikibaki katika lita moja ya maji, hukinga nyumba nzima na kipindupindu.

Wala si kweli kwamba kila kiongezo ni salama kwa kuwa kinauzwa dukani. Mwaka 1820 mkemia Friedrich Accum alichapisha mjini London kitabu kilichoeleza jinsi wauzaji wa wakati wake walivyotia risasi, shaba na sumu nyingine katika vyakula na vinywaji ili vipendeze macho. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 1902, mkemia Harvey Wiley aliwalisha vijana waliojitolea vyakula vyenye vihifadhi vya siku zile ili aone athari zake, na mwaka 1906 nchi hiyo ikapitisha sheria juu ya usafi wa vyakula na dawa. Sheria za viongezo zilizaliwa kutokana na madhara yaliyowapata watu, na kutokana na wakemia waliokubali kuyapima.

Jambo la msingi ni kiasi

Tangu mwaka 1956 kamati ya wataalamu ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani imekuwa ikichunguza viongezo, kimoja baada ya kingine. Kwa kawaida wataalamu hao hutafuta kiasi kikubwa kabisa ambacho hakikuleta dhara kwa wanyama wa majaribio, kisha hukigawanya, aghalabu kwa 100, ili kupata kiasi ambacho mwanadamu anaweza kukila kila siku maishani mwake bila kudhurika. Mwaka 1963 mashirika hayo mawili yaliunda Tume ya Codex Alimentarius, ambayo viwango vyake hutumiwa na mataifa mengi. Hapa Tanzania kazi ya viwango ilikabidhiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Na tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula, kazi ambayo hapo awali ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Mwanafunzi achukue kalamu ahesabu. Codex inaruhusu benzoati isizidi miligramu 250 katika kilo moja ya kinywaji cha aina ya soda. Chupa ya mililita 300 iliyofikia kikomo hicho itakuwa na miligramu 75 hivi. Mwaka 2021 kamati ya wataalamu ilikadiria kwamba mtu anaweza kutumia hadi miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 20 basi anaruhusiwa miligramu 400, ambazo ni zaidi ya chupa tano. Lakini kabla ya mwaka 2021 kiwango kilikuwa miligramu 5, na kwa hesabu hiyo mtoto yule yule angefikia ukomo wake kwa chupa moja na theluthi. Hesabu hii inatuonyesha kwamba sayansi hurekebisha viwango vyake ushahidi unapoongezeka, na kwamba swali la "je, kuna kemikali ndani yake?" halina maana mpaka liulizwe pamoja na swali la "kiasi gani, na kwa nani?"

Hesabu hiyo ina sehemu ya pili. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi. Mtoto aliyekunywa chupa tano atakuwa amekula gramu 150 za sukari kabla hajafika ukomo wa benzoati. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya mlo, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida. Kwa hiyo kitu kinachofaa kuogopwa zaidi katika chupa ile ni sukari, ambayo hakuna anayeiita kiongezo.

Hata hivyo, lebo si mwisho wa habari. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walitangaza kwamba mchanganyiko wa rangi fulani za bandia pamoja na benzoati uliongeza utundu na kutotulia kwa baadhi ya watoto. Na tangu mwaka 2010 Umoja wa Ulaya umetaka vyakula vyenye rangi sita za aina hiyo, mojawapo ikiwa tatrazini ya njano, viwe na onyo. Kadhalika imefahamika kwamba benzoati ikikutana na vitamini C, hasa penye joto na mwanga, huweza kutoa benzini kidogo sana, nayo benzini husababisha saratani. Baada ya jambo hilo kuonekana katika baadhi ya vinywaji huko Marekani na Ulaya miaka ya 2005 na 2006, watengenezaji walibadili mchanganyiko wao. Muuzaji anayepanga chupa zake juani tangu asubuhi hadi jioni anaongeza joto na mwanga ambavyo maabara ya kiwanda haikuvipima.

Maabara hufanya nini?

Mkemia anapoletewa kinywaji hawezi kukiangalia tu akajua kilichomo. Kwanza hana budi kutenganisha. Chombo chake kikuu ni kromatografia. Katika kromatografia ya kimiminiko, tone la kinywaji husukumwa kwa nguvu ndani ya mrija uliojazwa chembe ndogo ndogo. Kila kitu kina namna yake ya kushikana na chembe hizo: kinachoshikana kidogo hutoka mapema, kinachoshikana sana hutoka baadaye. Benzoati hutoka kwa wakati wake, sakarini kwa wakati wake, na kila rangi vivyo hivyo. Mashine huandika kilele kwa kila kimoja, na ukubwa wa kilele hueleza kiasi. Vitu vinavyogeuka mvuke kwa urahisi, kama alkoholi, hupimwa kwa kromatografia ya gesi kwa kanuni ile ile.

Mashine hizo ni ghali. Hutaka umeme usiokatika, gesi safi, kemikali za kulinganishia, na mtaalamu aliyefunzwa. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1895 wakati wa utawala wa Wajerumani, ina maabara Dar es Salaam, na maabara yake ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza. Kutoka Tarime hadi Mwanza ni mwendo wa kilomita 300 hivi. Sampuli inayosafirishwa umbali huo haina budi kufungwa kwa lakiri, kuandikwa vizuri na kulindwa na joto. La sivyo matokeo yake yatabishaniwa. Ni dhahiri kwamba maabara ya namna hiyo haiwezi kuipima kila ndoo ya juisi katika kila gulio.

Ndoo ya muuzaji

Watu wengi hudhani kwamba kinywaji kikipimwa kiwandani, kazi imekwisha. Kwa soda iliyofungwa, hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kwa unga wa juisi si kweli hata kidogo. Pakiti ya unga ina rangi, asidi na tamu za bandia kwa kipimo kinachodhaniwa kuwa kitachanganywa na maji ya kiasi fulani. Muuzaji akitumia nusu ya maji hayo, kila kiongezo huwa maradufu. Akiongeza rangi nyingine ya dukani ili juisi yake iwake kuliko ya jirani, hakuna ajuaye kiasi kilichomo. Na mtoto akiulamba unga mkavu, hesabu zote za kiwandani hazina kazi tena. Kiwanda cha mwisho cha kinywaji hicho ni ndoo ya muuzaji, na kiwanda hicho hakina mkemia.

Simlaumu muuzaji. Mara nyingi ni mama anayesomesha watoto kwa faida ya shilingi chache katika kila kikombe, na hakuna aliyemweleza kwa nini maji yawe lita mbili wala si moja. Vilevile hatari iliyo karibu zaidi katika ndoo yake huenda isiwe rangi, bali maji yasiyochemshwa. Lakini mambo hayo mawili huenda pamoja. Anayefika kupima rangi atapima na maji, na anayeeleza habari za kipimo ataeleza na habari za kuchemsha.

Kinywaji kisicho na orodha

Gongo ni jambo zito zaidi. Kutengeneza pombe hiyo bila leseni kumekatazwa Tanzania kwa sheria ya mwaka 1966, na bado inatengenezwa. Kwa kuwa imekatazwa, hakuna anayeipeleka ipimwe, na hivyo hakuna ajuaye nguvu yake wala kilichotiwa ndani yake ili iwe kali upesi.

Kinachoua kwa wingi katika pombe za namna hii ni methanoli. Nafaka kama mtama na ulezi zikichachuliwa kwa njia ya kawaida hutoa methanoli kidogo sana. Maafa makubwa yaliyoandikwa katika nchi jirani yalitokana na methanoli ya viwandani iliyotiwa ndani ya pombe, au iliyouzwa kana kwamba ni pombe. Mwezi Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa mjini Nairobi. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa katika wilaya ya Kabale, Uganda. Mwezi Mei 2014 zaidi ya watu 70 walikufa katika sehemu mbalimbali za Kenya. Mwezi Februari 2024 watu 17 walikufa katika kaunti ya Kirinyaga. Wakazi wa Tarime wanaishi mpakani, na sumu haiulizwi pasi ya kusafiria.

Methanoli hudanganya. Harufu yake hukaribiana na ya ethanoli, yaani alkoholi ya pombe ya kawaida, na zote mbili huungua kwa mwali hafifu. Kwa hiyo imani kwamba pombe safi hutambuliwa kwa mwali wake ni imani ya hatari. Mwilini, ini huigeuza methanoli kuwa formaldehaidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mishipa ya macho. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine siku nzima, hasa mtu akiwa amekunywa na ethanoli pamoja. Ndiyo maana mnywaji hulala akiwa mzima, akaamka na kichefuchefu, kichwa kinachouma na macho yaliyojaa ukungu. Mililita 10 za methanoli halisi zaweza kumpofusha mtu. Akiwahishwa hospitali anaweza kuokolewa, kwa maana dawa zinazozuia mgeuko huo zipo. Akiachwa alale ili "pombe iishe", huenda asiamke. Habari hii peke yake, ikifundishwa katika kila darasa la kidato cha tatu wilayani, inaweza kuokoa maisha ya mtu bila kununua mashine yoyote.

Serikali haikukaa kimya. Tangu tarehe 1 Machi 2017 pombe kali ya vifuko vya plastiki, maarufu kwa jina la viroba, imepigwa marufuku nchini. Hatua hiyo ilipunguza urahisi wa kijana kununua pombe kali kwa fedha kidogo. Lakini kila marufuku ina upande wake wa pili: mtu aliyezoea ulevi anaweza kuacha kinywaji chenye lebo akakimbilia kisicho nayo. Marufuku bila vipimo ni mlango uliofungwa katika nyumba yenye madirisha wazi.

Kwa nini watu hawaamini vipimo?

Upo ugumu mwingine ambao fedha peke yake haziuondoi. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara, unaopita kati ya wilaya zetu hizi mbili kabla ya kuingia ziwani, yalibadilika rangi na samaki wengi wakafa. Serikali iliunda kamati, sampuli zikachukuliwa na kupimwa, na kamati ikatangaza kwamba chanzo kilikuwa mabaki ya viumbe, kama kinyesi na mkojo wa mifugo, yaliyopunguza oksijeni majini. Wananchi wengi hawakuridhika na jibu hilo.

Sina nia ya kuufufua ubishi huo hapa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba matokeo ya maabara yakiwafikia watu ambao hawajapata kuona kipimo kikifanywa, kwao huwa ni tangazo kama matangazo mengine. Atakaye huamini, asiyetaka hukataa. Mtu ambaye amewahi kupima oksijeni ya maji au kutenganisha rangi kwa mikono yake anaweza kuuliza maswali yafaayo: sampuli ilichukuliwa wapi, saa ngapi, ilikaa muda gani, ilipimwa mara ngapi? Huyo anaweza kubisha kwa hoja, na anaweza pia kuridhika kwa hoja. Taifa linahitaji wananchi wa namna hiyo kuliko linavyohitaji mashine moja zaidi.

Shule zinaweza kufanya nini?

Kwa hiyo napendekeza upimaji wa hatua tatu. Hatua ya kwanza ifanywe shuleni, kwa vinywaji halali tu visivyo na kilevi. Hatua ya pili ifanywe na maafisa afya wa halmashauri, wakiwa na vifaa vyepesi vya kubebeka. Hatua ya tatu, ambayo ndiyo hukumu, ibaki Mwanza na Dar es Salaam.

Majaribio ya shuleni si magumu. La kwanza ni la magadi. Juisi ya rozela halisi ni nyekundu. Ikitiwa magadi hugeuka kuwa ya kijani au bluu iliyofifia, kwa maana rangi yake ya asili hubadilika penye besi kama litimasi ibadilikavyo. Rangi nyingi nyekundu za bandia hubaki nyekundu. La pili ni la karatasi. Chora mstari wa penseli karibu na ncha ya karatasi chujio, tia tone la kinywaji juu ya mstari, likauke, urudie mara kadhaa. Kisha simamisha ncha hiyo katika maji yenye chumvi kidogo, mstari ukiwa juu ya maji. Maji yakipanda, kijani chaweza kutengana kuwa njano na bluu. Hiyo ni kromatografia, kwa kanuni ile ile ya mashine ya Mwanza.

La tatu ni la sufu. Uzi mweupe wa sufu ukichemshwa katika kinywaji kilichotiwa asidi kidogo hunyonya rangi nyingi za bandia, nazo haziondoki kwa kusuuzwa kwa maji. Mwalimu ahakikishe kwanza kwamba uzi ni sufu kweli, kwa kuwa nyuzi nyingi za kufumia ni za plastiki: sufu ikichomwa hunuka kama nywele, lakini uzi wa plastiki huyeyuka. La nne ni la mizani. Mililita 100 za kinywaji chenye gramu 10 za sukari zina uzito unaokaribia gramu 104. Kinywaji kinachosifiwa sokoni kwa utamu, lakini kikawa na uzito sawa na wa maji, huenda utamu wake hautokani na sukari.

Majaribio haya yana mipaka, na mipaka hiyo ni sehemu ya somo. Yanaweza kuonyesha kwamba rangi ya bandia ipo. Hayawezi kusema kama ni rangi iliyoruhusiwa, wala ni miligramu ngapi. Kinachopatikana shuleni ni shaka yenye sababu, na shaka hiyo ndiyo inayomsaidia afisa afya aamue ni sampuli ipi, kati ya ndoo mia, inayostahili nauli ya kwenda Mwanza.

Gongo lisiingizwe shuleni kwa hali yoyote, hata kwa jina la sayansi. Kuwa nalo ni kosa, na kulionja au kulinusa si kipimo. Kulipima ni kazi ya maafisa wenye mamlaka. Ombi langu kwao ni kwamba pombe iliyokamatwa isimwagwe yote kabla sehemu yake haijapelekwa kupimwa methanoli, na matokeo yatangazwe wilayani upesi. Watu wakijua kwamba pombe ya wiki hii imekutwa na methanoli, hata mlevi aweza kusita.

Hoja za kupinga

Watasema wengine kwamba shule hazina hata litimasi, sembuse kromatografia. Ni kweli kwamba shule nyingi zina upungufu. Lakini magadi, chumvi, karatasi chujio na mizani si vyombo vya kuagizwa Ulaya. Kuhusu vifaa vyepesi vya hatua ya pili, nchi yetu imekwisha kutumia masanduku ya maabara ndogo kuchunguza ubora wa dawa nje ya Dar es Salaam. Lililowezekana kwa kidonge haliwezi kushindikana kwa kikombe.

Hoja nzito zaidi ni ile ya haki. Mwanafunzi akikosea kipimo, mama anayeuza juisi anaweza kupoteza biashara yake kwa uvumi wa siku moja. Hoja hii naikubali, na kwa sababu hiyo sharti kanuni ziwekwe kabla ya kazi kuanza. Sampuli inunuliwe kama mteja mwingine yeyote anavyonunua. Igawanywe, sehemu moja ihifadhiwe kwa kurudiwa. Iandikwe kwa namba, wala si kwa jina la muuzaji. Matokeo ya shule yasitangazwe sokoni, bali yapelekwe kwa afisa afya. Na muuzaji awe wa kwanza kuelezwa, tena kwa heshima, jinsi ya kuchanganya vizuri. Mama akielewa kwamba lita mbili za maji safi humlindia wateja wake, atakuwa mlinzi bora kuliko mkaguzi anayefika mara moja kwa mwaka.

Walimu wa kemia wa Tarime na Serengeti, kazi hii inaweza kuanza muhula huu, kwa juisi moja na kijiko cha magadi. Nanyi wanafunzi, mkishika chupa au kikombe, ulizeni maswali matatu: kuna nini ndani yake, ni kiasi gani, na nani amepima? Kwa soda majibu yapo, yakitafutwa. Kwa ndoo mnaweza kuanza kuyatafuta ninyi wenyewe. Kwa gongo hakuna anayeweza kuwajibu, na hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kukiweka kikombe chini.